Mume anataka kijivu, mi nataka nyeupe, bati ni damu ya mzee: nje tupake rangi gani?

Anko shikamoo, pole na majukumu. Mi ni mama wa watoto wawili, tuko Dodoma, tumejenga huku Nzuguni kidogo kidogo toka 2019, leo msingi, mwaka kesho tofali, unajua mwenyewe mambo ya kujenga na mshahara. Sasa Mungu katusaidia tumefika kwenye rangi ya nje, na hapa ndo nyumba inataka kutugombanisha kuliko hata kipindi kile hatuna hela ya kupaua.

Iko hivi. Bati tulishaweka la msauzi, rangi yake ni damu ya mzee, feshabodi nyeupe. Madirisha ni aluminiamu ya kahawia. Nyumba imeangalia magharibi na chumba chetu kiko huko huko mbele, barabara inayopita ni ya vumbi, malori ya mchanga na boda kutwa nzima, na udongo wa kiwanja chetu ni ule mwekundu, soksi za watoto zikishaushika hautoki hata ufue vipi.

Mume wangu anataka kijivu, tena sio kijivu cha kawaida, ni kile kilichokolea karibu na cheusi, kuna nyumba aliiona Instagram ina bati jeusi na madirisha meusi na mbele nyasi za kijani na taa zimewaka, kaihifadhi kwenye simu kila mgeni akija anaonyeshwa. Mi nimekulia Tanga, nyumba yetu ilikuwa nyeupe na miaka yote nilijua nikijenga yangu itakuwa nyeupe, sijui nieleze vipi lakini kwangu nyumba safi ni nyeupe. Mama mkwe anasema krimu ndo rangi ya watu waliotulia. Shemeji yeye anataka kijani na njano kwa ajili ya Yanga na hatanii. Jirani wa kulia kapaka pichi, wa kushoto zambarau ambayo sasa hivi imepauka haieleweki, kwahiyo hata nikiangalia pembeni sipati msaada.

Kilichoniumiza zaidi, wiki iliyopita mume kaenda dukani kachanganyisha ndoo nzima ya lita 20 ya hicho kijivu chake bila kuniambia. Imekaa koridoni. Nikiipita nakaa kimya ila moyoni nina hasira, na duka wamesema rangi ikishachanganywa hairudishwi.

Na fundi naye kaongeza mengine. Lipu ya nje ilimalizika kama wiki mbili na nusu zilizopita, yeye anasema Ijumaa hii anaanza kupaka, praima, ile rangi ya chini inayotangulia, sio lazima ni kumaliza hela tu, na kabla ya rangi anataka askimu kuta za nje kwa jipsamu ili ziwe laini. Tuna haraka kweli maana kodi ya tulipopanga inaisha Disemba na tunataka tuwe ndani kabla mvua hazijakolea.

Naomba unisaidie Anko, tupake rangi gani, fundi nimsikilize au nimsimamishe, na huyu mume nimwambieje bila kugeuza nyumba mpya kuwa ya ugomvi?

Mama Junior, Dodoma

*

Marahaba mwanangu Mama Junior, na hongereni sana wewe na Baba Junior. Kutoka 2019 mpaka kwenye rangi, kwa mshahara, mmevumilia na mnastahili kuhamia mkiwa na furaha, ndo maana nimeamua kukujibu kwa urefu.

Nianze na fundi maana Ijumaa iko karibu. Mpigie leo umwambie Ijumaa asije na rangi. Na jipsamu isiguse ukuta wa nje kabisa, hapo usikubali maelezo yoyote. Jipsamu ni ya ndani, ikilowa inalainika, na ukuta wa nje hata kama mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu wa kuanzia mwishoni mwa Novemba au Disemba mpaka Aprili, hizo hizo zinatosha kuifanya ivimbe na kubanduka pamoja na rangi yote iliyo juu yake. Kama mnataka ukuta laini nje basi askimu kwa simenti nyeupe au ile pati, unga wa kulainishia ukuta, iliyoandikwa kabisa kwenye mfuko kwamba ni ya nje. Ila kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi mi nisingehangaika na ulaini sana, lipu iliyopigwa vizuri na kusuguliwa na sponji inatosha, ile hela iende kwenye praima.

Lipu mpya ya simenti ni kali, ina alkali nyingi, na ndani bado ina maji. Ukipaka mapema yale maji yanatafuta njia ya kutoka yakiwa yamebeba chumvi, ndo unaona ukuta mpya una madoa meupe kama unga, au rangi inapiga malengelenge, au inaungua na kubadilika mabaka mabaka, na rangi zilizokolea ndo zinaonyesha hayo madoa vibaya zaidi. Kawaida lipu inapewa siku 28 angalau, nyie mna wiki mbili na nusu, bado. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama ukuta umekauka: chukua kipande cha nailoni nzito isiyopitisha maji, kama nusu mita kila upande, kibandike ukutani na seloteipu pembe zote zisipitishe hewa, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone ndani ya nailoni au ukuta umefanya weusi wa unyevu, subirini. Fanya upande wa nyuma pia kwenye kivuli, sio mbele peke yake ambako jua linapiga. Kukiwa kukavu ndo ipigwe praima ya kuta mpya inayostahimili alkali, mkono mmoja yaani ipakwe mara moja, ikikauka rangi mikono miwili. Praima sio kumaliza hela. Ukuta mbichi unanywa rangi, kwahiyo ile rangi ya bei mnayoinunua itatumika kushibisha lipu, na mkono wa tatu ambao hamkuupangia bajeti utakuja tu.

Kwahiyo ratiba yenu haijaharibika. Hizi siku za kusubiri ndo siku za kuchagua rangi kwa utulivu, na mlikuwa mnazihitaji hata kama fundi asingekosea.

Sasa rangi yenyewe. Mnabishana kijivu na nyeupe, mama mkwe krimu, shemeji naye, lakini hakuna hata mmoja kwenye barua yako aliyeanzia kwenye bati. Bati la damu ya mzee mmeshalilipia, litakaa hapo miaka mingi, ni kubwa, ukisimama barabarani pengine theluthi ya nyumba unayoiona ni bati. Bati ndo kitenge, ukuta ni blauzi, blauzi inatafutwa baada ya kitenge. Na chini kuna udongo wenu mwekundu ambao nao hamuwezi kuubadilisha, katikati kuna madirisha ya kahawia. Hivyo vitatu vyote vina joto, vina wekundu na ukahawia ndani yake. Rangi ya ukuta lazima iwe inayokaa na hao watatu bila kupigana, na ukishakubali hivyo machaguo yanapungua yenyewe, hata ugomvi unapungua.

Nyumba ya Baba Junior ya kwenye simu ni nzuri, nakubali, mtu aliyeichagua anajua. Ila pale kuna bati jeusi, fremu nyeusi, nyasi za kijani na picha imepigwa jioni taa zimewaka. Kile kijivu kina ubuluu kwa mbali, na kinapendeza kwa sababu kila kilichokizunguka ni baridi kama chenyewe. Kichukue ukiweke chini ya damu ya mzee na juu ya udongo mwekundu wa Nzuguni, bati litaonekana jekundu zaidi kuliko lilivyo na ukuta utaonekana kama simenti ambayo haijapakwa. Si kosa la kijivu, ni majirani zake tu hawaelewani.

Kuna na suala la joto ambalo hili muongee mkiwa mmekaa. Rangi nyeupe inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, kijivu cha karibu na cheusi kinarudisha kama 10 au pungufu, kilichobaki chote kinaingia ukutani kuwa joto. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, mwezi wa 10 na wa 3 jua la saa 6 mchana liko utosini kabisa, linapiga bati sio kuta. Kuta zinapigwa asubuhi upande wa mashariki na jioni upande wa magharibi, jua likiwa limeinama linauangalia ukuta uso kwa uso. Nyumba yenu imeangalia magharibi na chumba chenu kiko huko. Ukuta wa bloku unashika joto la jioni taratibu na kuliachia taratibu, unaanza kuwapa joto saa 2 usiku mkiwa mnataka kulala. Halafu ukuta uliokolea ukipata jua kali mchana na baridi ya usiku wa Dodoma ile ya mwezi wa 6 na wa 7 unatanuka na kusinyaa zaidi, nyufa ndogo ndogo za lipu zinajitokeza mapema. Mi kwa hilo peke yake nisingepaka kijivu kilichokolea ukuta wa magharibi, hata kama bati lingekuwa jeusi.

Na wewe mwanangu, nyeupe yako naielewa na naiheshimu, lakini tuseme ukweli. Nyeupe ya pwani ilikuwa chokaa. Chokaa inapumua, inaacha unyevu utoke, na ukali wake unazuia kuvu kushika haraka, na watu walikuwa wanarudia kupaka mara kwa mara maana ilikuwa rahisi. Ndo maana Mji Mkongwe kule Zanzibar kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zikifunikwa simenti na rangi za plastiki za siku hizi unyevu unanasa ndani na rangi inadondoka vipande. Tanga adui ni unyevu na kuvu, Dodoma adui ni vumbi na tope. Hapo mlipo, kandokando ya malori ya mchanga, nyeupe tupu ikipita kiangazi kimoja cha upepo kuanzia mwezi wa 6 itakuwa na upinki wa vumbi, na mvua ya kwanza itachora michirizi kutoka kwenye kila kingo ya dirisha. Utakuwa mtu wa kuosha ukuta. Na jua la saa 7 likipiga nyeupe tupu pembeni ya udongo mkavu, macho yanauma.

Krimu ya mama mkwe, niseme wazi, ndo iko karibu na jibu kuliko zenu zote mbili, ila krimu yenye unjano mwingi chini ya damu ya mzee inafanya nyumba ionekane ya zamani kabla haijazeeka. Mheshimu mama, mwambie wazo lake limesaidia, maana kweli limesaidia. Ya shemeji tusiichukulie muda, kijani na njano Tanzania mtu akipita hajui kama ni Yanga au ni ofisi ya chama, apewe ukuta wa ndani wa stoo apake anavyotaka.

Mimi ningepaka hivi. Ukuta mkuu uwe kati ya kijivu na krimu, yaani ile rangi ya mchanga mkavu uliochanganywa na majivu kidogo, kijivu chenye joto ndani. Ukiiweka karibu na karatasi nyeupe unaona ni kahawia nyepesi, ukiiweka karibu na krimu unaona ni kijivu. Baba Junior ataona kijivu chake, wewe utaona nyumba nyepesi yenye mwanga, mama mkwe ataona utulivu, na vumbi likitua juu yake halipigi kelele maana linafanana nalo. Inarudisha mwanga wa kutosha chumba chenu kisiwe tanuru. Kuzunguka madirisha na nguzo, nyeupe isiyo kali, ifanane na feshabodi. Hapo nyeupe yako inapata kazi yake, inaonekana safi kwa sababu ni kidogo na iko juu, tope haifiki.

Chini kuzunguka nyumba nzima weka mkanda wa kahawia iliyokolea, kimo cha sentimita 45 hadi 60 kutoka ardhini. Hili kwa Dodoma naliona ni lazima sio urembo. Matone ya mvua yakidondoka kwenye udongo mwekundu yanaruka na tope mpaka kimo hicho, na ukuta usio na mkanda unaonekana umevaa soksi chafu mwaka mzima. Huo mkanda pakeni rangi yenye mng'ao kidogo inayooshwa kwa maji na brashi. Kahawia ya udongo ina faida nyingine ambayo watu hawaijui: rangi zinazotengenezwa kwa kutu ya chuma, yaani nyekundu ya tofali, kahawia, njano ya udongo, jua haliziwezi. Ndo kitu kile kile kinachofanya udongo wenu uwe mwekundu, kilishashika kutu kikamaliza, jua halina cha kukiongezea wala kukipunguzia. Zambarau ya jirani yako kwa kawaida haijengwi na madini hayo, ndo maana imepauka. Pinki kali na machungwa ya kung'aa nayo yana tabia hiyo hiyo. Kama bajeti inaruhusu, hata baadaye, mwageni ukanda wa zege au kokoto kuzunguka nyumba na mweke gata, tope litapungua kuliko rangi yoyote inavyoweza kulificha.

Sasa ile ndoo ya koridoni. Usiichukie na usiiache ikae pale kama ushahidi wa kesi. Baba Junior alikosea kununua bila kukuambia na ana haki ya kuambiwa hivyo na mkewe, mkiwa wawili, sio mbele ya fundi na sio mbele ya mama yake. Lakini angalia alichofanya, kaenda dukani kwa hamu ya nyumba yake. Ukuta wa barazani, ule ulio ndani ya kivuli ambapo mlango mkubwa upo, ndo mahali pa kile kijivu. Kama baraza lenu lina kina cha kutosha na mkiangalia jioni jua halifiki sana pale, joto si tatizo, vumbi linafutwa maana ni pa kufikika, na kijivu kilichokolea kwenye kivuli nyuma ya mlango wa mbao kinapendeza kweli kweli hata chini ya damu ya mzee kwa sababu bati na ukuta huo havionekani vimegusana. Kila mgeni akibisha hodi anasimama mbele ya rangi ya Baba Junior. Itakayobaki ipigwe ukuta wa fensi kwa ndani mkifika huko, ila ndoo ifungwe vizuri ikae kivulini. Kitu kimoja tu, muangalie kwenye ndoo kama imeandikwa ni ya nje. Kama ni ya ndani isitoke nje kabisa, hata barazani.

Namna ya kumwambia: usimwambie "Anko kasema kijivu hakifai". Mwanaume aliyejenga miaka yote hiyo hapendi kuambiwa na mtu wa mbali. Mwambie, Baba Junior naomba tusibishane kwa simu, tupake vipande ukutani tuone kwa macho yetu. Na kiwemo kijivu chake, tena kwa haki, kipakwe vizuri mikono miwili kama vingine. Atakiona mwenyewe saa 10 jioni akiweka kiganja juu yake kisha akahamishia kwenye kipande cha mchanga, tofauti ya joto ataihisi mkononi bila wewe kusema neno.

Vipande mpake namna hii. Nunueni kopo dogo dogo la kila rangi mnayoifikiria, tatu zinatosha, sita zitawachanganya. Kila kipande kiwe mita moja kwa mita moja, juu ya praima, mikono miwili, na muache nafasi kati ya kimoja na kingine visigusane maana rangi mbili zikigusana jicho linalinganisha zenyewe kwa zenyewe badala ya kulinganisha na bati. Pakeni upande wa mbele karibu na dirisha na vingine upande wa nyuma. Angalieni saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni, mkiwa mmesimama ng'ambo ya barabara sio hatua mbili kutoka ukutani, nyumba inaonekana kutoka mbali. Alafu chota udongo wa kiwanja chenu uchanganye na maji kwenye kopo, umwagie kila kipande kwa chini, uache ukauke, ufute. Rangi itakayoonekana ya heshima baada ya hapo ndo ya kuishi nayo Nzuguni. Najua inaonekana ni kazi, lakini kopo tatu ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kurudia nyumba nzima.

Kadi ya rangi ya dukani isikudanganye pia. Kipande kidogo cha karatasi ndani ya duka lenye taa kinaonekana kimekolea, rangi hiyo hiyo ikienda kwenye ukuta mzima juani inapanda, inakuwa nyepesi na kali zaidi. Kwahiyo ile uliyoipenda kwenye kadi, chukua iliyo hatua moja au mbili chini yake, iliyotulia zaidi. Watu wengi wenye nyumba za pichi zinazoumiza macho hawakuchagua pichi hiyo, walichagua krimu yenye upichi kidogo kwenye karatasi, jua likamalizia.

Kuhusu kiasi, sijui ramani yenu ila nikupe hesabu ya kujilinda na fundi. Chukulia nyumba ya mita 12 kwa 10, mzunguko ni mita 44, kuta kimo mita 3, hiyo ni mita za mraba 132, toa madirisha na milango inabaki kama 110. Mikono miwili ni 220. Kwenye lipu iliyosuguliwa lita moja inakwenda kama mita 8 mpaka 10 za mraba, basi ni lita 22 mpaka 28, ukuta mkwaruzo zaidi inapanda. Akikuambia ndoo tano za lita 20 kwa nyumba kama hiyo muulize anapeleka wapi. Na akikuambia ndoo moja inatosha ujue anapanga kuiongeza maji, na rangi iliyozidishwa maji ndo inayopukutika unga mkononi baada ya mwaka. Kipimo cha maji kimeandikwa kwenye ndoo, ndoo ifunguliwe mkiwepo.

Ndoo zote za ukuta mkuu zichanganyishwe siku moja kwa namba moja ya rangi, na kabla ya kupaka fundi azimimine pamoja kwenye pipa safi azikoroge, maana mashine ikipishana tone moja utaona ukuta wa kushoto na wa kulia haifanani na haitarekebishika. Ile stika ya namba ya rangi ibandue uiweke kwenye faili la hati ya kiwanja, mtoto akipiga mpira ukutani mwaka kesho hutohangaika kukisia. Chagua isiyong'aa kwa ukuta mkuu, ya kung'aa inaonyesha kila bonde la lipu jua la jioni likipita ubavuni, na nyie jioni ndo jua lenu la mbele.

Na fundi akianza, afuate kivuli. Ukuta wa mbele apake asubuhi, wa nyuma apake mchana jua likishahamia mbele. Rangi ikipigwa juu ya ukuta wa moto inakauka kabla haijashika, unaona mistari ya rola mpaka mwisho. Akisema anataka kumaliza siku moja mkatalie kwa upole, umwambie chai na chakula vipo hata kesho.